Kizuizi cha mpini kwenye bastola: wapi tupa ipite, wapi isiguse

#1 Ajista_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mpwa wangu anaishi Louisville, Kentucky. Kule yuko katika klabu ya kulenga shabaha, na amenunua bastola ya aina ya 1911 kwa karatasi zote ambazo sheria za kule zinataka. Ni ya umbo la zamani, yenye kizuizi kifupi nyuma ya mpini. Sasa ameagiza kizuizi kipya chenye mkia mrefu uliopinda juu, na anataka kukipachika mwenyewe. Aliniuliza mimi kwa kuwa kazi ya tupa nilimfundisha mimi, kwenye jiliwa yangu hapa Kamalondo. Nimeona nijibu hapa hadharani, maana jukwaani kuna maajista (mafundi wa kupachika vyuma) wengi kuliko mimi, wa Panda kule Likasi na wa karakana za reli, na jambo lenyewe ni la kila mtu anayepachika kipande cha usalama kwenye mashine yoyote.

Kabla ya yote: bastola iko Kentucky. Hapa kwetu silaha zinatawaliwa na Ordonnance-loi nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na mtu asiye na ruhusa hana haki ya kuwa nayo, sembuse kuifanyia ufundi. Asije mtu kunigongea mlango na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Sitafungua.

Sasa kazi yenyewe. Kizuizi cha mpini ni kile kipande cha chuma kilicho nyuma ya mpini, ambacho kiganja hukisukuma ndani mtu anaposhika bastola sawasawa. Asiposhika, kifyatulio, kile kinachovutwa na kidole, hakiendi. Kwenye vichwa vingi vya treni duniani kuna kanyagio ambalo dereva lazima alishughulikie muda wote; akizimia, treni inasimama yenyewe. Wazo ni hilohilo: mashine inaanza katika hali ya kukataa, na mkono wa mtu ndio unaoipa ruhusa. Shikeni hilo, kwa sababu kila uamuzi wa tupa unatoka hapo.

Ndani kuna nini? Kizuizi kinazunguka kwenye pini moja iliyo juu, na pini hiyo ndiyo mhimili wa kizuizi cha dole gumba, kile kingine cha usalama kilicho kando ya bastola. Kutoka kwenye mwili wake unatoka mkono mfupi kuelekea mbele. Kifyatulio cha 1911 hakizunguki kama vya bastola nyingine, kinateleza moja kwa moja kurudi nyuma, na nyuma yake kina fremu nyembamba inayopita pande zote mbili za magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Ule mkono unakaa nyuma ya fremu hiyo na kuizuia. Ukibana mpini, sehemu ya chini ya kizuizi inaingia, mkono unainuka, na fremu ya kifyatulio inapita chini yake. Ukiachia, springi bapa yenye miguu mitatu inakirudisha nje kwa mguu wake wa kulia. Mguu wa kushoto unasukuma ndoana inayoshika nyundo (kipande kinachopiga pini ya kupigia risasi), na wa katikati unafanya kazi na kitenganishi (kinachokata mawasiliano ya kifyatulio na ndoana) na kifyatulio.

Basi. Vipande vichache, lakini kila kimoja kinategemea mwenzake, na kipande kipya kinapoingia hakiwajui waliopo.

#2 Katuba_Moja

Jambo muzee. Miye sijawahi kushika bastola na sitaki, ila mambo ya mekanike napenda. Swali: kama ile ya zamani inafanya kazi, kwa nini aibadilishe? Mkia mrefu unaleta nini, au ni urembo tu?

#3 Ajista_Kamalondo

Swali la maana, Katuba. Si urembo.

John Moses Browning aliichora bastola ile, na jeshi la Marekani likaipokea rasmi tarehe 29 Machi 1911. Risasi yake ni .45, kipenyo cha karibu milimita 11.4, saba kwenye magazini. Kitelezi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, kinaporudi nyuma kwa nguvu ya risasi, kinaipiga nyundo na kuishusha nyuma hadi chini kabisa. Kizuizi cha kwanza kilikuwa na mkia mfupi, kwa hiyo ile nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilikuwa inabanwa kati ya nyundo na mkia. Mwenye kiganja kinene anatoka damu. Miaka ya 1920 walipoitengeneza upya kuwa 1911A1, mojawapo ya mabadiliko ilikuwa kurefusha mkia. Mikia mirefu ya leo imeendeleza kazi hiyohiyo: inafunika nyama isifikiwe na nyundo, inatandaza kishindo kwenye eneo kubwa la mkono, na inamruhusu mtu kushika juu zaidi, karibu na mstari wa mtutu, ili bastola isiruke sana.

Browning alifanya kazi pia na Wabelgiji wa kiwanda cha silaha cha FN kule Herstal, na alifia hukohuko Ubelgiji mwaka 1926. Kizuizi cha mpini alikiweka kwenye bastola zao kadhaa: ya 1903, ile ndogo ya mfukoni ya risasi za milimita 6.35, na ile ya 1910. Hiyo ya 1910 ilikuwa na vizuizi vitatu: cha mpini, cha kidole, na cha magazini. Ila haina nyundo ya nje, kwa hiyo hakuna cha kumuuma mtu, na haihitaji mkia. Hapo ndipo unaona kwamba mkia na kizuizi ni mambo mawili yaliyowekwa kwenye kipande kimoja. Mkia ni wa starehe ya mkono. Ule mkono mfupi wa ndani ndio usalama. Watu wengi wananunua kwa ajili ya mkia, wanahangaika na mkia, wanasahau mkono.

#4 Mpwa_wa_Louisville

Jambo mjomba, jambo wote. Aksanti kwa kufungua uzi.

Kipande nimeshakipokea. Maelezo yake yanasema kinahitaji masikio ya fremu ya bastola (mwili wake, si ile ya kifyatulio) yakatwe kwa duara la inchi 0.250. Nimeona vingine vya 0.220, na vingine vinavyoingia bila kukata fremu. Rafiki yangu wa klabu ana mashine ndogo ya kusagia ya mkono, anasema ni kazi ya dakika kumi. Nyundo yangu bado ni ile ya zamani yenye ulimi mrefu. Nianzie wapi?

#5 Ajista_Kamalondo

Mpwa wangu, mashine ya kusagia irudishe kwa mwenyewe leo. Ile haijui kusimama.

Kwanza chagua unataka kufika wapi. 0.250 ni milimita 6.35, na 0.220 ni kama 5.59. Ni nusu-kipenyo cha lile pinde ambalo masikio mawili ya nyuma ya fremu yanapaswa kuwa nalo ili kizuizi kizunguke yakiwa yamekaribiana nalo bila kugusana. Kipande cha 0.250 na fremu iliyokatwa kwa 0.220 havioani, wala hakuna kati yake. Soma karatasi ya kipande chako mara ya pili kabla ya kushika tupa. Na ujue jambo moja: sikio la fremu ukishalikata, bastola hairudi tena katika umbo la zamani isipokuwa kwa kulehemu. Kama bastola ni ya umri mkubwa na haijaguswa na mtu, mimi ningechukua kile kisichohitaji kukata. Mkia wake hautalala vizuri sana, utaonekana mwanya, lakini fremu inabaki nzima. Huo ndio ushauri wangu kwako, kisha uamuzi ni wako.

Ukiamua kukata: kuna kigezo cha chuma kigumu, vipande viwili vya duara vinavyokaa kwenye tundu la pini ya kizuizi cha dole gumba, kimoja kila upande. Tupa inakula hadi inapogusa kigezo, halafu inateleza, haikati tena. Nunua cha kipimo chako. Fremu ikae kwenye jiliwa yenye mashavu laini, ya shaba au mbao, na usiikaze mahali palipo wazi ndani, maana pale kuta ni nyembamba. Tupa iende mbele tu, iinuliwe wakati wa kurudi, kama nilivyokufundisha. Acha unene wa unywele juu ya kigezo, ondoa kigezo, kisha malizia kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha duara huku ukijaribisha kipande kipya kila baada ya muda.

Jaribu pini ya kizuizi cha dole gumba ipite kwenye matundu yote matatu bila kulazimishwa. Ikikwama, usitoboe na usipanue tundu. Rudi uangalie ni wapi kipande kinagusa fremu. Paka wino wa kuchorea chuma, sukuma, toa, angalia wino umefutika wapi. Pale palipofutika ndipo tupa ipite, si kwingine.

Nyundo yako ya ulimi mrefu haitafaa na mkia wa aina hiyo. Utahitaji ile fupi yenye kichwa cha duara. Na usiipime ikiwa imesimama tu mahali pake pa kawaida. Rudisha kitelezi hadi mwisho kabisa, kwa sababu hapo nyundo inashuka zaidi ya pale inapokamatwa. Ikigusa mkia pale, ama itaharibu kimojawapo, ama itasukuma kizuizi kila risasi inapotoka. Nyundo mpya nayo inaleta suala la ndoana yake, na hilo, mpwa wangu, si la tupa ya nyumbani. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni wa hukohuko.

Sasa ule mkono wa ndani. Kipande kipya huja na mkono uliozidi kwa makusudi ili fundi aupunguze. Una nyuso mbili zenye kazi. Uso wa mbele, kwenye ncha, unapaswa kushuka nyuma ya fremu ya kifyatulio wakati kifyatulio kimekwenda mbele kabisa. Uso wa chini unapaswa kuinuka juu ya fremu hiyo ukibana mpini. Uso wa mbele ukiuzidisha, kifyatulio kitapata nafasi ya kutembea kabla ya kuzuiwa, na kikitembea vya kutosha kitaifikia ndoana. Uso wa chini ukiuzidisha, fremu ya kifyatulio itapita chini ya mkono hata usipobana chochote. Hapo umebaki na pambo.

Kwa hiyo chuma kinatoka kwenye kipande kipya peke yake. Kifyatulio kisiguswe, springi isiguswe. Kipande kipya kikiharibika unanunua kingine. Anza na uso wa mbele mpaka mkono udondoke wenyewe mahali pake bila kusukumwa, halafu uso wa chini, kidogo kidogo, na kila baada ya mikuno michache unakusanya kila kitu na kujaribu. Itakuchosha. Kukusanya na kufungua ndiyo kazi yenyewe, kupiga tupa ni sehemu ndogo.

#6 Likasi_Mekanike

Muzee heshima kwako, lakini nakupinga kidogo. Nimesoma kwamba wapiga shabaha wengi wanakibana kile kizuizi moja kwa moja, wanaweka pini kisitembee tena, kazi imekwisha. Hakuna kupima mkono, hakuna kuhangaika. Na huyohuyo Browning: ile Hi-Power ya Wabelgiji haina kizuizi cha mpini. Kama kingekuwa cha lazima angekiweka. Bastola za Glock pia hazina.

#7 Ajista_Kamalondo

Likasi, karibu, na asante kwa kupinga waziwazi.

Hi-Power ilitoka mwaka 1935. Browning alikuwa amekufa miaka tisa nyuma, na aliyeimaliza ni Dieudonné Saive. Kweli haina kizuizi cha mpini. Ina kizuizi cha magazini: ukitoa magazini, kifyatulio kinakatika na nyundo haianguki. Glock nayo ina kipande katikati ya kifyatulio na vizuizi vingine ndani. Kila mashine ilichorwa na usalama wake, na sehemu zake zote zimepangwa kuuzunguka. Hi-Power haikuondolewa kitu. Ilizaliwa vile.

1911 ni mashine nyingine. Kifyatulio chake kinateleza, tumesema. Kitu kinachoteleza kina uzito, na kitu chenye uzito kikidondoka na kusimamishwa ghafla kinaendelea na mwendo. Bastola ikianguka kwa nyuma, mtutu ukitazama juu, kifyatulio kinataka kurudi nyuma chenyewe bila kidole cha mtu. Ule mkono mfupi ndio unaokisimamisha. Kibane kwa pini, umeondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyeshika bastola, na hasa pale.

Wapo wanaokibana, najua. Wapo wanaosema wanashika kwa namna ambayo kiganja hakikisukumi vizuri na mlio haukutoka wakati wa mashindano. Tatizo hilo lina dawa, na nitaieleza. Lakini mtu mwenye tupa mkononi akaona kazi ya kupima ni ndefu, akaamua kuua kizuizi ili amalize mapema, huyo nisingempa hata pampu ya maji ya jirani atengeneze. Nasema hivi kwa moyo wote na sitabadilisha.

Niongeze kwa haki: kizuizi cha mpini hakizuii kila kitu. Kinazuia kifyatulio tu, hakigusi nyundo wala pini inayopiga risasi. Kampuni ya Colt katika miaka ya 1930 walitoa baadhi ya bastola ambazo kizuizi cha mpini kilifungua pia kizuizi cha pini ya kupigia, kazi ya mtu anayeitwa Swartz. Baadaye, mwaka 1983, wakaja na mfumo mwingine wa kuizuia pini hiyo, Series 80, ambao unaendeshwa na kifyatulio. Mpwa, angalia ya kwako ni ya mfumo gani kabla ya kununua chochote, kwa sababu kama kizuizi cha mpini kinasukuma kijiti kinachopanda kwenye kitelezi, kipande cha kawaida hakiwezi kuchukua nafasi yake.

#8 Mwalimu_Kampemba

Jambo baba. Mimi nafundisha ajistaji kwenye shule ya ufundi, na uzi huu nitawaonyesha wanafunzi wangu, hasa hiyo habari ya wino. Wao wanapenda kukata kwa macho.

Mambo mawili. La kwanza, rangi: fremu ikiwa ya chuma kilichotiwa rangi nyeusi ya buluu, pale tupa ilipopita patabaki peupe na patashika kutu. Kama ni chuma kisichoshika kutu, hakuna shida. La pili ndilo kubwa. Baba umeeleza kukata, hujaeleza kupima. Mwanafunzi akiniletea kazi ya usalama nauliza: umeijaribu ikatae? Wengi wanajaribu kama inafanya kazi. Hawajaribu kama inakataa.

#9 Ajista_Kamalondo

Mama Mwalimu, umesema lile lililopaswa kuwa kichwa cha uzi.

Kupima ni hivi. Toa magazini. Rudisha kitelezi, tazama kwa jicho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe hakuna kitu. Risasi zote ziwe chumba kingine, mlango umefungwa. Mtutu uelekee mahali ambapo hata risasi ikitoka haitamkuta mtu.

Pandisha nyundo. Kizuizi cha dole gumba kiwe wazi. Shika bastola kwa vidole vya pembeni bila kugusa mkia, vuta kifyatulio kwa nguvu kuliko kawaida. Nyundo isianguke. Achia kifyatulio, kisha bana mpini bila kugusa kifyatulio: bado isianguke. Vuta nyundo nyuma kidogo sana kwa dole gumba huku sikio liko karibu. Ukisikia mlio mdogo wa chuma kukaa mahali pake, ndoana ilikuwa imesogea, na maana yake kifyatulio kilipata nafasi. Kipande hicho hakifai. Agiza kingine.

Halafu bana polepole huku unavuta kifyatulio kidogo, utafute ni wapi kinaruhusu. Kiruhusu karibu na katikati ya safari yake. Kikiruhusu mwanzoni kabisa, mguso wowote wa nguo utakifungua. Kikiruhusu mwishoni tu, kuna siku kiganja chako hakitakifikisha.

Kuna jaribio ambalo wengi wanaliruka. Bana mpini, vuta kifyatulio na ukishikilie nyuma, nyundo ikiwa imezuiwa kwa dole gumba isipige. Sasa achia mpini kwanza, kifyatulio bado kiko nyuma. Ule mkono wa ndani utakuwa umekaa juu ya fremu ya kifyatulio. Ndipo uachie kifyatulio. Mkono lazima udondoke mara moja nyuma yake. Ukining'inia, uso wa mbele bado unakwaruza au springi ni dhaifu. Rudia mtutu ukiwa juu, rudia ukiwa chini, kwa sababu uzito wa kifyatulio unabadilika upande.

Kuhusu rangi, ni kweli kabisa. Mpwa, baada ya kazi paka mafuta siku hiyohiyo, na rangi umwachie fundi.

#10 Mpwa_wa_Louisville

Mjomba, nimeamua. Nimerudisha kile cha kukata, nimechukua kisichohitaji kukata fremu, na toleo nililopata linakubali nyundo yangu. Nimelipima kitelezi kikiwa nyuma kabisa, halijagusa. Bastola yangu haina kile kijiti cha kupanda kwenye kitelezi, nimehakikisha. Mkono nimeupunguza uso wa mbele, unadondoka vizuri. Uso wa chini bado naendelea.

Nina tatizo alilogusia Likasi. Nikishika juu kabisa, dole gumba likiwa juu ya kizuizi cha kando, kiganja changu kinafanya shimo katikati, na kizuizi hakiingii mpaka mwisho.

#11 Likasi_Mekanike

Muzee, nimekusoma. Habari ya bastola kuanguka na kifyatulio kutembea chenyewe sikuwa nimeifikiria. Nasubiri hiyo dawa.

#12 Ajista_Kamalondo

Dawa ni nundu. Vizuizi vingi vya leo vina uvimbe kwenye sehemu ya chini, mahali ambapo kiganja kinabaki kugusa hata mtu akishika juu. Tena nundu iko mbali na pini ya kuzungukia, kwa hiyo hata nguvu ndogo pale inatosha kusukuma. Kama kipande chako hakina nundu, mpwa, kibadilishe sasa kabla hujamaliza uso wa chini, usije ukamaliza kwenye kipande utakachokitupa.

Usijaribu kulitibu shimo la kiganja kwa kupunguza uso wa chini ili kiruhusu mapema. Hapo utakuwa unalipa kwa usalama deni la umbo la mkono wako. Wala usilegeze mguu wa kulia wa ile springi. Mguu huo ukilegea, kizuizi kinabaki ndani, na kikibaki ndani ni sawa na kilichobanwa kwa pini.

Ukimaliza, majaribio yote ya #9 uyarudie mbele ya fundi wa silaha wa huko, naye ayafanye kwa mikono yake. Siku ya kwanza uwanjani weka risasi moja tu kwenye magazini, kisha mbili, ndipo ujaze. Baada ya risasi za kwanza fungua tena utazame ncha ya mkono: chuma kipya hulala kidogo, na alama ya kung'aa itakuonyesha kinagusa wapi. Piga picha ya alama hiyo kwa karibu, pande zote mbili, uiweke hapa ili Mama Mwalimu na Likasi nao waione.